Charlie Kanoa alikuwa nani?

Dada mmoja Mkenya aliyeolewa Minnesota ameniandikia barua ndefu. Naifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Babu yake mume wangu alipigana Vita vya Pili vya Dunia huko Pasifiki, kwenye kisiwa cha Saipan. Ukoo mzima unasimulia kwamba usiku mmoja aliteketeza vifaru vitatu vya Wajapani. Ila kila mtu ana hadithi yake. Ami wa mume wangu anasema mzee alikuwa Marine, jeshi la Marekani linaloshambulia pwani kutoka baharini. Mama mkwe anashikilia kwamba alikuwa jeshi la nchi kavu. Kuna na vituko: eti kifaru chake kilikuwa kinaogelea, eti usiku uligeuka mchana. Na hadi anafariki, alikuwa akiweweseka akimtaja rafiki yake, Charlie Kanoa. Huyo Charlie tumemtafuta kwenye orodha za waliokufa vitani, hatumpati. Ndani ya sanduku lake tumekuta picha ya kifaru kilichoungua, nyuma imeandikwa 'Saipan 44'. Mwanangu anataka kuisimulia habari hii shuleni. Tumwambie kipi ni kweli?"

Marahaba, dada yangu. Ngoja nianze na Charlie, maana nilipofika kwenye jina hilo niliweka kikombe chini.

Acheni kumtafuta kwenye orodha za marehemu. Kwa ninavyoona mimi, Charlie Kanoa hakuwa mtu. Chalan Kanoa ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Saipan, na asubuhi ya tarehe 15 Juni 1944 Wamarekani walishuka ufukoni mbele yake chini ya mvua ya mizinga. Jina ni la Kichamoro, lugha ya wenyeji wa kisiwa, na "chalan" kwao ni njia. Kijana wa Kimarekani hakuwahi kukutana na neno kama hilo, kwa hiyo mdomo wake ulilitamka ulivyoweza. Miaka ikapita, mkewe akalisikia gizani kutoka kwa mtu anayeweweseka, akalielewa kama mke yeyote angelielewa: mume wangu anamlilia rafiki yake.

Jambo kama hilo limetukuta hata sisi. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, akapelekwa Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kupambana na Mjapani huyo huyo, mwaka huo huo wa 1944. Alipokuwa akisimulia, neno halikumtoka mdomoni: Kalewa. "Tulipofika Kalewa." "Yule tulimzika kabla ya Kalewa." Sisi wajukuu tulikuwa tukiangua kicheko, tukiamini mzee anakiri mwenyewe kwamba siku zile alikuwa kalewa. Mama mdogo alitukemea tusimcheke babu kwa ulevi wake wa ujanani. Nilishapita miaka thelathini nilipofungua ramani ya Mto Chindwin nikaikuta Kalewa imeandikwa pale, mji ambao askari wa Afrika Mashariki waliuingia mwanzoni mwa Desemba 1944. Mzee hakuonja pombe maisha yake yote. Na nilipoigundua ramani hiyo, yeye alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo, mtu akiniletea hadithi ya vita ya ukoo wake, nasikiliza kwanza vile vipande wanavyovicheka au kuvionea haya. Kile wanachojivunia nakiacha mwisho, na nakishika kwa koleo.

Kwa hiyo twende kwenye kifaru kinachoogelea. Hiyo si chumvi hata kidogo. Upande ule wa Saipan umekingwa na mwamba wa matumbawe kama pwani yetu ilivyokingwa, na mashua ya kawaida ya kushushia askari haivuki mwamba maji yakiwa mafupi. Wamarekani walikuwa wameumia vibaya kwa sababu hiyo hiyo kule Tarawa, Novemba 1943, askari wakilazimika kutembea majini mamia ya mita huku bunduki za rashasha zikiwafyeka. Saipan wakaja na mamia ya magari ya minyororo yanayoelea baharini, yanayopanda mwamba na kuendelea hadi nchi kavu. Mengi yalibeba watu. Mengine yalikuwa na kichwa cha kifaru na mzinga, nayo yalitangulia mbele yakipiga ufuko. Askari waliyaita "amtank". Ukimwambia mjukuu kwamba ulipigana ndani ya kifaru kilichoelea, atacheka, maana kifaru anachokijua yeye ni kile cha kwenye filamu.

Na sasa sikia jambo linaloweza kuwapatanisha ami na mama mkwe. Batalioni za magari hayo yenye mizinga zilikuwa mbili siku ile. Ya upande wa kaskazini ilikuwa ya Marine wenyewe, ikiitangulia Divisheni ya 2 ya Marine. Ya upande wa kusini, mbele ya Chalan Kanoa, ilikuwa Batalioni ya 708, na hiyo ilikuwa ya jeshi la nchi kavu. Vijana wake walivaa nembo ya jeshi la nchi kavu, lakini waliitangulia Divisheni ya 4 ya Marine, chini ya jenerali wa Marine, Holland Smith. Mtu wa kikosi hicho akisema "nilikuwa na Marine Saipan" hasemi uongo, na mwingine akisema "alikuwa jeshi la nchi kavu" naye yuko sahihi. Ubishi wenu wa miaka themanini huenda ni mtu mmoja anayetazamwa kutoka milango miwili.

Sijasema nimethibitisha. Nimesema Charlie, kuogelea na ubishi, vyote vitatu vinaelekeza vidole mahali pamoja.

Ilikuwaje mahali hapo? Mpango wa makao makuu ulisema magari hayo yasiishie ufukoni, yapite mjini moja kwa moja, yapande hadi kwenye mgongo wa kilima uitwao Fina Susu, yakiwa na askari ndani. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini gari linaloelea lazima liwe jepesi, na gari jepesi lina bati jembamba. Wajapani walikuwa wameshapima umbali wa kila pembe ya ufuko ule kwa mizinga yao ya vilimani. Magari yakakwama kwenye mashimo ya mabomu, mahandaki na miti iliyoanguka, na machache tu yaliufikia mgongo ule. Kufikia usiku Wamarekani wapatao 20,000 walikuwa nchi kavu, na takribani 2,000 wamekufa au kujeruhiwa. Kama mzee alikuwa humo, hiyo asubuhi ya tarehe 15 inatosha kabisa kumwewesesha mtu hadi uzeeni, bila kuhitaji kifaru hata kimoja cha Mjapani.

Lakini vifaru vilikuwepo. Rejimenti ya 9 ya Vifaru ya Japani, iliyoletwa kutoka Manchuria, ilikuwa kisiwani, isipokuwa kombania zake mbili zilizokuwa Guam. Luteni Jenerali Yoshitsugu Saito, kamanda wa jeshi la Japani pale, alitaka kuwasukuma Wamarekani baharini kabla hawajajichimbia. Shambulio lilipangwa jioni ya tarehe 16, likachelewa, likaanza kiasi cha saa tisa na nusu usiku wa kuamkia tarehe 17. Vifaru vipatavyo 44 viliteremka kutoka vilimani pamoja na askari wa miguu, wengine wamepanda juu ya vifaru wakiwa wameshikilia vyuma. Viongozi wa vifaru walisimama vifuniko vikiwa wazi. Kanali Takashi Goto, mkuu wa rejimenti, aliliongoza shambulio hilo, na hakurudi.

Wamarekani waliokuwa mbele walikuwa wamesikia ngurumo za injini mapema wakaomba mwanga. Manowari zikarusha makombora ya mwanga, yale yanayopasuka angani na kushuka polepole yakining'inia kwenye parachuti, yakiwaka meupe hadi unaweza kuhesabu vidole vyako. Ndio ule usiku uliogeuka mchana. Aliyewaambieni hivyo hakuwa akitunga shairi. Halafu kifaru cha kwanza kilipowaka, moto wake ukakionyesha cha pili, na cha pili kikakionyesha cha tatu. Ikawa kadiri vinavyoungua ndivyo vilivyobaki vinavyoonekana zaidi.

Hapa itabidi nikuudhi kidogo. Pambano lile liliwaangukia Rejimenti ya 6 ya Marine, hasa batalioni yake ya kwanza, kaskazini ya Chalan Kanoa kwa kilomita chache. Na waliofanya kazi kubwa walikuwa askari wa miguu ndani ya mashimo: wenye bazuka, wenye mizinga midogo ya milimita 37, na magari ya nusu minyororo yenye mizinga ya milimita 75. Vifaru vya Sherman vilikuwepo, lakini vichache. Ukiangalia vipimo utaelewa kwa nini haikuhitaji zaidi. Kifaru cha Kijapani cha wastani, kiitwacho Aina ya 97, kilikuwa na tani kama 15 na chuma chake cha mbele kilikuwa kama milimita 25, upana wa kidole gumba. Kile chepesi, Aina ya 95, kilikuwa na tani zisizofika 8 na chuma cha milimita 12. Sherman ilipita tani 30. Vifaru vya Japani vilijengwa kwa ajili ya vita vya China, ambako adui hakuwa na silaha nyingi za kutoboa chuma. Usiku ule vilikutana na watu wenye bazuka begani wakivisubiri vipite ubavuni kwao. Kulipokucha, mizoga iliyohesabiwa ilikuwa kati ya 24 na 31, kutegemea aliyehesabu. Wamarekani waliokufa na kujeruhiwa kwenye batalioni zilizoshambuliwa hawakufika mia.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa upande wa Chalan Kanoa, hata kama alikuwa ndani ya amtank, kwa uwezekano mkubwa hakuchoma vifaru vitatu usiku ule. Alichofanya ni kukaa macho akiona mbingu ya kaskazini ikiwaka, akisikia milipuko, bila kujua kama wale wa mbele watashikilia au la, na wasiposhikilia vifaru vitafika kwake. Binafsi naona hiyo ni hadithi ngumu zaidi kuibeba, kwa sababu haina mwisho wa kusimulia.

Basi mzee alidanganya? Sidhani. Fikiria anavyosema mtu aliyetoka vitani. Babu yangu hakuwahi kusema "nilipiga". Alisema "tulipiga", "tulivuka", "tulizika". Askari huzungumza kwa wingi. Wanaompenda ndio wanaotaka umoja. Mtoto anauliza: babu, wewe je, wewe ulimpiga nani? Mzee anacheka au ananyamaza, na mtoto anaondoka na jibu lake. Baada ya vizazi viwili "tuliviteketeza" inakuwa "aliviteketeza", na namba inatafutwa ya kuijaza nafasi. Tatu ni namba nzuri. Haizidi sana.

Sasa tuondoke kwenye dhana, twende kwenye karatasi. Kumbukumbu za waliotumikia jeshi la Marekani zamani hizo ziko St. Louis, kwenye National Personnel Records Center. Huombwa kwa fomu inayoitwa SF 180, na kwa kuwa mzee aliacha jeshi zaidi ya miaka 62 iliyopita, faili lake ni la wazi. Huna haja ya kuthibitisha undugu. Lakini jengo hilo liliungua Julai 1973. Moto uliteketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18, pamoja na takribani asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya watu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Ya Marine na ya jeshi la majini hayakuguswa. Unaona inapoelekea? Mkijibiwa "faili lipo, hili hapa", ami ana hoja. Mkijibiwa "samahani, liliungua", msihuzunike upesi: jibu hilo lenyewe linaegemea upande wa mama mkwe.

Faili likiwa limeungua, ombeni ripoti za asubuhi za kikosi. Kila kombania ya jeshi la nchi kavu iliandika kila siku nani kaingia, nani katoka, nani mgonjwa, nani kafa, na ripoti hizo zilisalimika. Kwa Marine kuna orodha za majina za kila kombania, nazo zitawaambia kijana alikuwa wapi Juni 1944. Pia nendeni ofisi ya kaunti alikokaa baada ya vita. Wengi waliorudi 1945 na 1946 waliandikisha hati zao za kuachishwa jeshi huko ili zisipotee, na hati hiyo inataja kikosi. Msiulize "DD 214", ile fomu ya kuachishwa jeshi ya siku hizi, ya mwaka 1945. Fomu hiyo ilianza 1950, na watu wengi huambiwa hakuna kitu kwa sababu tu waliuliza jina la karatasi ambayo haikuwepo.

Kuhusu picha, punguzeni matumaini. Picha za vifaru vilivyoungua zilichapwa, zikagawanwa, zikauzwa na kubadilishwa kwa sigara. Kuwa nayo si ushahidi kwamba uliye nayo alikuwapo, sembuse kwamba ndiye aliyekichoma. Hata hivyo itazameni vizuri. Kama kichwa cha kifaru kimezungukwa na chuma kama mkono wa kapu uliolazwa, hiyo ni antena ya redio, na mara nyingi ni Aina ya 97, ambayo Saipan ilikuwa nayo kwa wingi. Kikiwa kidogo, hakina mkono wa kapu, na kichwa chake kimekaa upande wa kushoto, hicho ni Aina ya 95, na cha namna hiyo kingeweza kupigwa picha Tarawa, Biak, Peleliu, kokote. Maandishi ya nyuma yalinganisheni na barua za mzee. Huenda aliyeandika ni mwingine.

Mwanao atauliza, na kama hataki kuuliza muulize wewe, waliokuwa ndani ya kile kifaru cha kwenye picha walikuwa nani. Nao wana wajukuu. Waendesha vifaru wengi vijana wa Japani walifunzwa kwenye shule ya vijana wa kikosi cha vifaru huko Fujinomiya, chini ya Mlima Fuji. Mwaka 1975 vifaru vya Aina ya 97 vya rejimenti ile vilifukuliwa Saipan vikarudishwa Japani. Kimoja kiko kwenye jumba la makumbusho la Yushukan, Tokyo. Kingine kimewekwa kwenye hekalu la Kishinto la Wakajishi, pale pale ilipokuwa shule yao, kimejaa matundu na kutu. Familia za kule husimama mbele yake kama nyinyi mnavyosimama mbele ya sanduku.

Halafu wako ambao ardhi ilikuwa yao. Wachamoro na Wakarolini, wenyeji wenzao wenye asili ya visiwa vya Karolini, walikuwa mapangoni na watoto wao wakati chuma kinapigana na chuma juu yao. Baada ya hapo waliwekwa kwenye kambi ya Susupe, kando kabisa ya Chalan Kanoa, pamoja na raia wa Kijapani na Kikorea, zaidi ya watu 15,000 nyuma ya uzi wa miba. Wenyeji waliruhusiwa kutoka tarehe 4 Julai 1946, na hadi leo Saipan husherehekea tarehe hiyo kama siku yao ya kukombolewa. Darasani Minnesota kila mtoto anaijua Julai 4, lakini sidhani wanaijua hii. Na kama mtafika huko siku moja, mtaviona vifaru vya Sherman vilivyozama karibu na ufuko, kichwa na mzinga juu ya maji, watoto wakiogelea kuvizunguka.

Shuleni asimame aseme: "Babu wa baba alikuwa Saipan Juni 1944. Tunaamini alikuwa ndani ya kifaru kinachoelea kilichoshuka Chalan Kanoa, na usiku wa pili aliona anga ikiwaka wakati wa pambano kubwa la vifaru. Bado tunatafuta karatasi." Walimu hupenda mtoto anayejua tofauti ya "tunajua" na "tunaamini". Vile vifaru vitatu aviache nyumbani mpaka St. Louis wajibu.

Wakati mnasubiri, kuna swali moja la kumuuliza mama mkwe, na msimpe dokezo. Chalan Kanoa kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Wajapani. Mabomu yalikivunjavunja lakini dohani lake likabaki limesimama, na ndani yake akajificha askari wa Kijapani, siku kadhaa, akiielekeza mizinga ya kwao iwapige Wamarekani ufukoni, huku wao hawaelewi nani anawaona. Kila aliyekaa ufuko ule alikuja kulijua dohani hilo. Muulize tu kama marehemu alikuwa na neno lolote kuhusu dohani, au kama kuna dohani lolote ambalo hakupenda kukaa akilitazama.